Utando mweusi wa sindano ya dizeli: msuguano wake unatoka wapi, na kwa nini hulika

Ndugu mafundi wa pampu na injekta, walimu wa vyuo vya ufundi, wanafunzi, na nyote mliofika asubuhi hii: wakubwa zetu shikamooni, na wengine habari zenu.

Mezani hapa kuna sindano tatu za injekta za komoni reli, yaani vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya injini kutoka bomba moja la pamoja lenye shinikizo kubwa. Zitazameni kwanza. Ya kwanza haijatumika. Shina lake ni jeusi na linang'aa. Ukiligeuza kwenye mwanga unaona taa ya darini ikijichora juu yake bila kuyumba. Ya pili imetoka kwenye lori. Weusi bado upo, ila upande mmoja kuna ukanda wa kijivu, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ya tatu inang'aa kama fedha kotekote. Hiyo nayo ilikuwa nyeusi. Imesuguliwa kwa dawa ya kusagia kwa nia ya kuisafisha, na utando umekwisha.

Weusi huo si rangi wala masizi. Ni utando wa kaboni wenye unene wa mikromita 1 hadi 3; mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una mikromita 70 hivi, kwa hiyo tando za namna hii ishirini na zaidi zingeingia ndani ya unene wa unywele mmoja. Kitu chembamba kiasi hicho ndicho kinachoiwezesha sindano ipande na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, kwenye nafasi ya mikromita 2 hadi 4 kati yake na bomba lake, dizeli ikisukumwa kwa shinikizo la baa 1600, 2000 na zaidi, bila chuma kung'ata chuma.

Katalogi huuandika kwa herufi tatu, DLC, yaani kaboni iliyo mfano wa almasi. Jina hilo limewapotosha wengi. Fundi akisikia almasi anadhani utando huu hauwezi kukwaruzwa na kitu chochote, na mnunuzi anadhani msuguano wake ni namba moja iliyoandikwa kwenye karatasi, kama ulivyo uzito. Tunasema leo, na tutalirudia: utando huu hauna msuguano wake wenyewe. Msuguano ni wa mfumo mzima, yaani utando, chuma kilicho chini yake, kitu kinachousugua, mafuta yaliyo katikati, unyevu wa hewa na joto. Ukibadilisha kimoja, namba inabadilika, na safari nyingine inabadilika mara mia.

Tuanze na kaboni yenyewe. Tunaijua kwa sura mbili. Katika grafiti, ile ya penseli na ya brashi za dainamo, kila atomi imeshikana na majirani watatu, na kurasa zake zinateleza moja juu ya nyingine. Katika almasi kila atomi imeshika majirani wanne, pande zote, ndiyo maana haibonyei. Mwaka 1971 huko Marekani, Sol Aisenberg na Ronald Chabot walieleza namna ya kurusha ioni za kaboni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, juu ya kitu na kupata utando uliochanganya mishiko hiyo miwili bila mpangilio wa fuwele. Uzao wote wa leo umetokana na kazi ya aina hiyo.

Makundi makubwa ni mawili, na fundi anayejua tofauti yake ameshajua nusu ya somo. Kundi la kwanza lina haidrojeni nyingi ndani yake, asilimia 20 hadi 40 ya atomi zote, kwa sababu hutengenezwa kwa gesi, mara nyingi asetilini ileile ya kuchomelea, inayovunjwavunjwa kwa umeme ndani ya tangi lililotolewa hewa. Ugumu wake ni gigapaskali 15 hadi 30 (gigapaskali moja ni baa 10,000). Kundi la pili halina haidrojeni. Hutolewa kwenye bonge la grafiti kwa cheche za umeme, na likitengenezwa vizuri hata asilimia 80 ya atomi zake zinashikana kwa mtindo wa almasi. Ugumu wake huanzia gigapaskali 40 na kupanda. Kwa kulinganisha, chuma cha beringi kilichokazwa sawasawa kiko kwenye 7 au 8. Kuna pia machotara wenye tungsteni au silikoni ndani. Wale wa tungsteni ni laini zaidi na hutumika sana kwenye gia na beringi. 

Sasa msuguano. Kizigeu cha msuguano ni nguvu ya kuburuza ukiigawanya kwa nguvu inayokandamiza. Chuma kikavu juu ya chuma hutoa kama 0.6 na kwenda juu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika maabara ya Argonne huko Marekani, Ali Erdemir na wenzake walitengeneza utando wa kundi la kwanza kwa gesi yenye methani asilimia 25 na haidrojeni asilimia 75. Ndani ya naitrojeni kavu ulitoa 0.001 hadi 0.003. Yaani mzigo wa kilo 100 unauburuza kwa nguvu inayotosha kuinua gramu 100 hadi 300. Utando huohuo ukiutoa kwenye hewa ya kawaida yenye unyevu, kizigeu kinapanda zaidi ya mara kumi. Tando za kawaida za kundi hili, zile tunazokutana nazo kwenye vipuri, zikiwa kwenye hewa yenye unyevu hukaa kati ya 0.1 na 0.2.

Kundi la pili, lisilo na haidrojeni, linafanya kinyume kabisa. Kwenye hewa yenye unyevu linatoa karibu 0.1 na kazi inaenda vizuri. Uliweke kwenye ombwe, yaani mahali palipotolewa hewa, au kwenye gesi kavu, linapanda hadi 0.6 na kupita, na utando unalika haraka.

Kwa nini? Atomi ya kaboni iliyo juu kabisa ya utando imekosa jirani wa upande wa nje. Ina mkono mtupu unaotafuta kitu cha kushika. Nyuso mbili za namna hiyo zikikutana, mikono inashikana, na kila kusogea ni kuivunja. Kwenye kundi la kwanza mikono hiyo imeshashikwa na haidrojeni kutoka ndani ya utando wenyewe, kwa hiyo nyuso mbili zinapitana kama watu waliojaza mizigo mikononi, hawawezi kupeana mikono. Unyevu ukija, molekuli za maji zinatua juu ya uso huo na kuleta mvutano ambao haukuwapo. Kwenye kundi la pili hakuna haidrojeni ya ndani. Maji ya hewani ndiyo yanayovunjika na kuifunga mikono hiyo mitupu. Yakikosekana, nyuso zinang'atana. Kwa hiyo maji yaleyale ni dawa kwa mmoja na mzigo kwa mwenzake.

Jambo hili halikuanza na tando hizi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, brashi za kaboni za jenereta za ndege ziliisha upesi mno ndege zilipopaa juu sana. R. H. Savage wa General Electric akaonyesha katika maandishi yake ya 1948 kwamba grafiti inahitaji mvuke wa maji ili iteleze, na angani juu mvuke huo ni haba. Grafiti tuliyodhani inateleza kwa maumbile yake ilikuwa ikisaidiwa na hewa.

Kwa wenzetu wa vyuo, hili lina maana ya moja kwa moja. Mashine ya kupimia msuguano ikiwekwa wazi Mombasa au Dar es Salaam, ambako unyevu wa hewa hupita asilimia 70 siku nyingi, na nyingine ikawekwa Nairobi mchana wa kiangazi, sampuli zilezile zitatoa namba tofauti na kila mmoja atamshuku mwenzake. Wote wawili wamepima sawa. Walichokosa ni kuandika unyevu na joto la chumba kando ya kila namba. Matokeo yasiyo na asilimia ya unyevu, kwa tando za kaboni, hatuyaiti matokeo.

Kuna mhusika mwingine asiyeonekana kwa haraka. Ukisugua tufe la chuma juu ya utando huu, mwanzoni kizigeu kiko juu, labda 0.2. Baada ya mizunguko mia kadhaa au elfu kadhaa kinashuka na kutulia. Ukilitoa tufe na kulitazama kwa hadubini utaona doa la kahawia hadi jeusi pale lilipogusa. Ni kaboni iliyohama kutoka kwenye utando na kujipaka kwenye tufe, na sehemu ya juu ya utando yenyewe imegeuka kuelekea ugrafiti. Kuanzia hapo si chuma kinachosugua kaboni tena. Ni kaboni kwa kaboni. Futa doa hilo kwa asetoni, rudisha tufe mahali pake, na kizigeu kitaruka juu kisha kishuke upya. Kila ukilifuta unautoza utando kodi nyingine. Ndiyo maana kipuri kilichozoeana na mwenzake hakitenganishwi: sindano na bomba lake, plunja ya pampu na bareli inamotembea. Ukichanganya jozi, unaanza mazoea upya kwa kuula utando uliobaki.

Tufike sasa mahali ambapo watu wengi hukosea, hata wenye shahada: kudhani msuguano mdogo maana yake ni ulikaji mdogo. Hivyo ni vitu viwili. Mfano wake mkali uko kwenye oili za injini. Oili nyepesi za magari ya petroli, hasa za Kijapani, mara nyingi zina kiongezi cha molibdeni kinachopunguza msuguano. Chuma kwa chuma kinafanya kazi nzuri sana. Lakini utando wa kundi la kwanza ukisugua chuma ndani ya oili hiyo, msuguano unaweza kuwa mdogo kuliko ulivyotarajia, na utando ukaisha mara nyingi zaidi ya kawaida. Watafiti wameeleza njia mbili: oksidi za molibdeni zinazojijenga kwenye chuma hula kaboni yenye haidrojeni kwa kemia, na kabaidi ngumu za molibdeni, yaani molibdeni iliyoungana na kaboni, hukwaruza. Ukiweka utando usio na haidrojeni, madhara yanapungua sana. Mwaka 2006 Nissan ilianza kuweka utando usio na haidrojeni kwenye tapeti, vile vikombe vinavyosukuma valvu, na kwa kundi hilo viongezi vinavyofaa ni vingine, kama vile esta za gliseroli zinazojishika kwenye uso wa kaboni. Sisi tunaoishi kwa magari yaliyotumika kutoka Japani tulipaswa kulijua hili kama jina la mtaa. Oili iliyo bora kwa injini moja inaweza kuila injini nyingine, na kosa halionekani kwenye sauti wala kwenye matumizi ya mafuta hadi utando umekwisha.

Basi ulikaji upimwe kivyake. Mashine ya kawaida ni tufe juu ya sahani inayozunguka. Chukua tufe la chuma cha beringi la milimita 6, mzigo wa niutoni 10, mwendo wa mita 0.1 kwa sekunde, njia yenye nusu kipenyo cha milimita 5. Mita 1000 zitachukua sekunde 10,000, yaani saa mbili na dakika 47, na sahani itazunguka mara 31,800 hivi. Kisha pitisha kipima uso, kifaa kinachochora mabonde ya uso, kwa kukatisha njia, sehemu nne, na utafute wastani wa eneo la mfereji. Tuseme umepata mikromita za mraba 10. Mzingo wa njia ni milimita 31.4, kwa hiyo ujazo uliolika ni milimita za ujazo 0.000314. Gawanya kwa mzigo ukizidisha kwa umbali, yaani 10 mara 1000, unapata 0.000000031, au 3.1 mara 10 kwa kipeo cha kutoa 8, kwa niutoni kwa mita. Ni utando mzuri huo. Chuma kikavu kwa chuma hupata namba kubwa kuliko hiyo mara mia kadhaa na zaidi. Tufe nalo lipimwe, kwa sababu utando unaojilinda wenyewe kwa kumla mwenzake haujaokoa kitu.

Angalizo moja hapo. Tufe la milimita 6 kwa mzigo wa niutoni 5 tu linakandamiza katikati ya mguso kwa gigapaskali 1.1, yaani baa 11,000. Ukipandisha mzigo ovyo ili jaribio liishe haraka, chuma cha chini kinabonyea na unapima kuvunjika, hupimi kulika.

Hapo ndipo penye siri ya tando hizi, na tunaomba mtuvumilie kidogo. Utando wa mikromita 2 ulio mgumu mara tatu kuliko chuma, ukiwa juu ya chuma laini, ni ganda la yai juu ya uji. Ganda halina kosa. Uji ndio uliobonyea. Kwa hiyo chuma cha chini lazima kikazwe kwanza, na wakati wa kupaka utando kisipate joto la kukilegeza: chuma cha beringi kilichorudishwa moto kwa nyuzi 170 au 180 za Selsiasi kitapoteza ugumu kikikaa muda mrefu juu ya hapo, ndiyo sababu tangi hudhibitiwa joto kwa makini.

La pili ni mkazo wa ndani. Utando huu huzaliwa ukiwa umejibana, kwa gigapaskali 1 hadi kufikia 10 kwa ule usio na haidrojeni. Muda wote unatafuta nafasi ya kujinyoosha, na kadiri unavyokuwa mnene ndivyo nguvu ya kujibandua inavyokua. Anayekuuzia utando wa mikromita 10 wa aina ngumu kwa sababu mnene unadumu, muulize ameushikisha kwa nini. Gundi yake ni tabaka la chini, mara nyingi kromu au titani ya mikromita 0.1 hadi 0.3, kisha kabaidi ya tungsteni inayobadilika polepole kuwa kaboni. Kabla ya hilo kipuri huoshwa kwa sabuni ya alkali, husuuzwa kwa maji yaliyotolewa chumvi, hukaushwa, huingizwa kwenye ombwe, na kupigwa kwa ioni za argoni hadi oksidi ya juu itoke. Alama moja ya kidole inatosha kuacha doa ambalo kromu haitashika. Utando utalifunika doa hilo vizuri tu, utapendeza, na utabanduka hapohapo baada ya wiki.

Kupima ushikaji hakuhitaji maabara ya mamilioni. Mashine ya ugumu ya Rockwell iliyopo kwenye vyuo vyetu vingi inatosha. Tumia koni ya almasi ya nyuzi 120 na mzigo wa kilo 150, bonyeza, kisha peleka kwenye hadubini inayokuza mara 100. Tazama ukingo wa shimo. Ukiona nyufa nyembamba zinazotoka pande zote kama miale ya jua, na utando umebaki mahali pake, uko daraja la kwanza au la pili kati ya madaraja sita ya Kijerumani. Ukiona magamba yametoka hapa na pale, uko katikati, daraja la tatu na la nne. Ukiona pete nzima ya chuma kitupu kuzunguka shimo, ni la tano au la sita: kikatae kipuri. Dakika kumi, na umeokoa injini.

Unene nao hupimwa kwa kitu rahisi: tufe la chuma la milimita 30 lenye tope la almasi linazungushwa juu ya utando hadi litoboe. Linaacha pete mbili. Kipenyo cha nje mraba, toa kipenyo cha ndani mraba, gawanya kwa mara nane ya nusu kipenyo cha tufe. Pete za milimita 0.80 na 0.60 zinakupa 0.28 gawanya kwa 120, yaani mikromita 2.3.

Maji yana kesi yake nyingine. Kaboni yenyewe haili kutu wala haiyeyuki kwenye asidi za kawaida. Lakini hakuna utando usio na vitundu. Maji yenye chumvi yakipenya kwenye kitundu hukutana na tabaka la gundi au chuma, huanza kula kwa pembeni chini ya utando, na juu huoni kitu. Huko Ulaya, miaka ya 1990, viliwekwa vichwa vya viungo bandia vya nyonga vilivyofunikwa kaboni. Miaka ya mwanzo vilifanya kazi vizuri, halafu utando ukaanza kutoka vidoa vidoa. Roland Hauert na wenzake wa taasisi ya Empa, Uswisi, walivichunguza baada ya kutolewa mwilini wakakuta tabaka la gundi, lenye silikoni, limeliwa polepole na maji ya mwili. Kaboni haikushindwa. Gundi ndiyo iliyoshindwa, na ilichukua miaka. Kwa hiyo mtu akikuambia dizeli yenye maji kidogo haina neno kwa sababu sindano ni nyeusi, mkumbushe kwamba chini ya weusi kuna chuma.

Turudi kwenye dizeli yetu. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni jambo jema kwa mapafu ya watoto wetu na tunaliunga mkono kwa moyo wote. Ila kiwanda kinapoondoa salfa kwa haidrojeni, kinaondoa pia molekuli zenye naitrojeni na oksijeni zilizokuwa zikijishika kwenye chuma na kukilainisha. Salfa yenyewe haikuwa mlainishaji mkuu. Ilitoka na majirani zake. Ndiyo maana dizeli hiyo huongezewa kilainishi, na hupimwa: tufe la milimita 6, mzigo wa gramu 200, likitikiswa mara 50 kwa sekunde kwa mwendo wa milimita 1, kwa dakika 75, ndani ya mafuta ya nyuzi 60. Kwa kiwango cha Ulaya, kovu kwenye tufe lisizidi mikromita 460. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, kovu linakua na unato, yaani uzito wa mafuta, unashuka, na sindano inabaki na kinga moja tu, ule utando. Uchakachuaji wa mafuta si wizi wa shilingi peke yake. Ni wizi wa mikromita.

Sasa karakana, kwa wenzetu wa Gerezani Dar es Salaam, wa Kirinyaga Road Nairobi na kwingineko kote.

Usisage sindano nyeusi. Dawa za kusagia zina alumina, silikoni kabaidi au almasi. Alumina ina ugumu wa karibu gigapaskali 20, sawa na utando wenyewe. Silikoni kabaidi mara nyingi inaupita ule wa kundi la kwanza. Almasi inaipita yote. Dakika mbili za mkono wenye nia njema zinamaliza mikromita zilizokusudiwa kudumu maisha ya injekta. Na chembe zinazobaki kwenye bomba zitaendelea kusaga gari likiwa barabarani. Sindano iliyokwama kwa utandu wa mafuta inafunguliwa kwa kuloweka.

Kuosha: sabuni isiyo kali kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, nyuzi 50 hadi 60, dakika 10 au 15, suuza, kausha kwa hewa safi, paka mafuta ya kupimia injekta mara moja. Asidi ya betri na dawa za kutolea kutu zisikaribie. Brashi ya waya wa chuma isikaribie. Nati iliyogoma isichomwe kwa gesi: kaboni yenye haidrojeni huanza kupoteza haidrojeni yake na kugeuka grafiti kuanzia nyuzi 300 hadi 350, nawe hutaona badiliko la rangi.

Vumbi la barabarani lina mchanga wa kwazi wenye ugumu wa gigapaskali 11 au 12. Kwa hiyo utando unaushinda mchanga, lakini bomba lisilopakwa halishindi, na chembe ya mikromita 5 ikilazimishwa kupita kwenye nafasi ya 3 inabonyeza chuma cha chini na kulivunja ganda. Chujio la bei rahisi lisilozuia chembe hizo ni ghali kuliko injekta nne.

Kusoma kovu kuna njia tatu. Ukanda laini wa kijivu usio na mikwaruzo ni ulikaji wa polepole uliofika kwenye tabaka la kromu; ukiwa pande zote ni umri, ukiwa upande mmoja tu ni mzigo wa ubavuni, angalia bomba limepinda au springi imekaa upande. Mikwaruzo ya urefuni ni uchafu, angalia chujio na tangi. Vidoa vyenye kingo kali kama rangi ya ukuta iliyobambuka ni gundi iliyoshindwa, angalia maji, au utando ulikuwa mbovu tangu kiwandani. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu kila gamba lililotoka ni kipande kigumu kilichoachiwa ndani ya nafasi ya mikromita 3.

Na ukitaka uhakika kama chuma kimefikiwa, tumia mrututu, ule wa buluu wanaopulizia kahawa na nyanya. Gramu 5 kwenye mililita 100 za maji, na glavu mkononi. Futa sindano kwa spiriti hadi iwe kavu isiyo na mafuta, weka tone, subiri dakika moja, suuza. Chuma kitupu kinavuta shaba na kuwa chekundu. Kaboni inabaki nyeusi. Kromu inabaki ya kijivu. Fanyeni hivi kwa sindano ambayo hairudi kwenye injini, kwa sababu tone hilo linaanzisha kutu.

Kikombe cha mrututu kiko hapa mbele. Sindano ya tatu imeshapata tone lake, na mnaiona: nyekundu kuanzia juu hadi chini. Karibuni sasa, mmoja mmoja, mweke tone kwenye ule ukanda wa kijivu wa sindano ya pili, kisha mpitishe macho kwenye lensi. Sehemu kubwa itabaki kijivu. Karibu na ncha mtaona vidoa viwili vyekundu, vidogo kama kichwa cha pini. Pale ndipo utando wote, na gundi yake, ulipokwisha.